Ngozi Iliyokataa Kupakwa

Kama unasoma hii huku unajikuna, acha kwanza. Nimekuona. Ukalie huo mkono, tuongee.

Mimi ni bingwa mstaafu wa kujikuna. Nimejikuna kwa kucha, kwa rula, kwa kitana, kwa pembe ya meza ya maabara, na Jumapili moja kwa ukuta wa kanisa huku padri akihubiri kuhusu subira. Sasa nimepona kiasi cha kuandika sentensi ndefu bila kusimama katikati, na furaha niliyonayo imekuwa kubwa hata mwalimu wa hesabu ameanza kunishuku. Ndiyo maana naandika. Kliniki nilikutana na watu wengi wanaojikuna kimya kimya kwa aibu, wengine wa rika langu, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba jambo hili lina mwisho. Mimi nawaambia: lina mwisho. Ila kabla ya kufika huko mtapakwa vitu.

Naitwa Aber. Kwa Kiacholi ni jina la mtu mzuri, mrembo. Mwenye malalamiko ampelekee bibi yangu. Niko kidato cha tatu, shule ya upande wa Kyambogo, hapa Kampala. Baba yangu ni polisi, Mkatoliki wa Kitgum. Mama ni Mwislamu wa Yumbe. Walipokutana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakapendana kwa Kiswahili cha kambini, kile ambacho mtu wa pwani akikisikia anashika kichwa. Ndiyo lugha ya nyumbani kwetu mpaka leo. Hapa nimeisafisha kidogo. Ukikuta uchafu, ni wa Baba.

Tunaishi kambi ya polisi, ndani ya kile kibanda cha bati cha duara. Jua likiwaka tunaiva, mvua ikinyesha hatusikilizani. Na ni mvua za Aprili zilizokuwa zinapiga hilo bati asubuhi nilipoamka jicho la kushoto likiwa limevimba. Nikalaumu mbu. Kesho yake la kulia likafuata, kwa wivu. Halafu shingo. Halafu katikati ya vidole: vipele vidogo vyenye maji, vinawasha kama vimelipwa. Ngozi ikawa nyeusi zaidi na ngumu, kisha ikapasuka na kumenyuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Mdogo wangu Saidi, ambaye bado hajang'oa meno yote ya utoto, alinitazama kwa makini akasema, "Aber, unafanana na mandazi yaliyolia."

Nilimfukuza mpaka bombani, lakini moyoni nilimpa maksi.

Shuleni haikuwa mchezo. Nesi wa shule alinishika kidevu kwa ncha ya kalamu, si kwa kidole.

"Nyabo, hii ni upere," akasema, akimaanisha upele. "Inaambukiza. Usikae karibu na wenzako."

"Sista, hakuna mwingine nyumbani mwenye—"

"Nimesema ni upere!"

Dawati langu likasogezwa kwenye kona, karibu na ndoo ya takataka. Nililiita Jamhuri ya Upele na kujitangaza rais siku hiyo hiyo. Nilitafuta mawaziri, hakuna aliyetaka uraia. Nilicheka sana, wakacheka, halafu kengele ikalia wakaondoka kwenda kula pamoja, na rais akabaki na ndoo.

Lakini kona haikuniuma kama jukwaa. Muhula ule Ticha Nakato, anayefundisha maigizo, alikuwa amenipa nafasi ambayo nimeiota tangu nifike shule ile: Mzee Kalisti, mwenye nyumba mkali anayekuja kuwafukuza wapangaji, kumbe anaogopa kuku. Tamasha la shule zote za upande wetu lingekuwa mwisho wa muhula wa pili. Mimi si wa hesabu, si wa mbio. Mimi ni wa kuchekesha, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniambia nichekeshe badala ya kuniambia ninyamaze.

Ticha Nakato aliniita pembeni siku ya kufunga shule. Macho yangu yalikuwa mistari miwili, nilimwona nusu.

"Aber, bambi," alisema kwa huruma, "ukipona, Mzee Kalisti ni wako. Usipopona, Brenda anajua mistari."

Brenda alijua mistari, hilo sikatai. Lakini Brenda akimwogopa kuku, anamwogopa kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Nikaapa nitapona.

*

Likizo ilipoanza, senene walikuwa wameanguka mjini, wale panzi wa kukaanga, na mimi nilikuwa nimewala kwa bidii. Baba, ambaye kila jambo kwake ni upelelezi, akavua kofia akakaa kwenye kiti.

"Ripoti," akasema. "Umekula nini?"

"Senene, Baba."

"Senene wako chini ya ulinzi. Kitu kingine?"

"Mayai. Samaki. Karanga."

"Wote ndani."

Basi nikaishi kwa posho, yaani ugali, na maharagwe huku Saidi akitafuna senene mbele yangu, mmoja mmoja, akiwavuta mabawa kwa madaha. Ngozi haikupoa hata kidogo. Washukiwa walikuwa ndani na uhalifu unaendelea, lakini Baba hakuona tatizo katika hesabu hiyo.

Sasa nikueleze kuhusu kambi. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na mgonjwa wa ngozi hapewi pole akaachwa: anapakwa. Tena anayeleta ndiye anayepaka, kwa mkono wake, maana wanasema dawa ya kupewa haiingii kama dawa ya kupakwa. Ukikataa, umemkataa mtu, si dawa.

Wa kwanza alikuwa mke wa Afande Okot, jirani yetu. Alikuja na pakiti ya zile tishu zenye maji za kufutia watoto wachanga, zinanukia kama harusi.

"Kama inafaa matako ya mtoto," alimwambia Mama, "itashindwaje uso wa Aber?"

Hoja ikapita bila kupingwa. Nikafutwa uso, asubuhi na jioni.

Kisha akaja Mama Furaha, rafiki wa Mama, Mkongo wa Bukavu anayesuka nywele na kuuza mafuta kule Namuwongo. Mama Furaha anacheka kabla hajabisha hodi. Alitoa kopo kubwa kwenye kaveera, mfuko wake wa plastiki.

"Aber, mutoto yangu, karibia. Hii losheni inatoka mbali. Unaona huyu mwanamuke kwa kopo? Alikuwa na uso kama yako."

"Mama Furaha, huyu ni Mzungu."

"Njo maana! Alipona sana!"

Akanipaka mpaka masikioni. Nilicheka, na kucheka kulinipasua ngozi ya shingo, nikalia, na yeye akadhani losheni imeingia.

Wakaja wengine, na wengine, kila mmoja na kopo, tyubu au chupa. Dirisha letu likawa duka. Na kila aliyepaka aliondoka na furaha, na mimi nilibaki kama nyanya iliyochomwa.

Lakini aliyefanya kazi kuliko wote alikuwa Mama. Mama hutengeneza sabuni ya maji. Wake wengi wa polisi pale kambini wanafanya hivyo: unanunua vitu vyako mjini, unachanganya kwenye beseni kubwa, unakoroga kwa mwiko wa posho kuelekea upande mmoja tu bila kurudi nyuma, unaacha povu lilale, kisha unajaza chupa za maji zilizotumika. Sabuni ya Mama inajulikana mpaka Bwaise. Kambi nzima inaogea, inafulia, inaoshea vyombo. Siri yake, alikuwa anasema, ni kwamba haiozi. Sabuni ya wengine ikikaa inanuka kama maji ya maharagwe. Yake inakaa mpaka unaisahau.

Aliponiona nimezidiwa, alitengeneza beseni dogo la peke yangu. Alinimwagia mwenyewe, akaniosha uso taratibu kama nilivyokuwa mdogo.

"Hii ni yako peke yako," akasema. "Nimekuwekea dawa mara mbili."

Sikuuliza dawa gani. Mama yako akikuwekea mara mbili, unauliza nini?

*

Mwisho wa likizo macho yaligoma kabisa kufunguka, Baba akanipeleka hospitali.

Nitakuambia ukweli kuhusu benchi la kusubiri: lina serikali yake. Kuna mama aliyefika alfajiri, huyo ndiye spika. Kuna mzee anayejua kila dawa, huyo ni waziri wa afya. Kuna mtu anayesema "mimi nauliza tu" halafu anaingia mlangoni harudi, huyo ni mwanasiasa. Mimi nilikaa katikati na kofia ya Baba usoni. Kila aliyeketi karibu yangu alisogea kidogo kidogo, mpaka benchi likawa na nafasi ya kulala. Nikajinyoosha. Mtoto mdogo mwenye bandeji kichwani akaja akaketi hapo hapo, akaniangalia, akanipa nusu ya biskuti yake. Sijui jina lake mpaka leo, lakini biskuti ile ilikuwa dawa ya kwanza kunifaa.

Tabibu aliandika vidonge na krimu ya tyubu nyembamba. Na, jamani, ilifanya kazi! Baada ya siku chache nikaona mboni zangu mwenyewe kwenye kioo, nikazisalimia. Muhula wa pili ulifunguliwa, nikarudi shuleni, nikarudi kwa Mzee Kalisti. Nikatembea kwa mkongojo, nikamwogopa kuku mpaka Ticha Nakato akashika ukuta kwa kucheka.

Krimu ikaisha. Nikaendelea na losheni ya Mama Furaha, "kulinda ushindi", na sabuni yangu maalumu ya Mama. Wiki haikwisha. Nikaamka mandazi tena, safari hii makubwa.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mara ya kwanza unaumwa tu. Mara ya pili unajiuliza kama huyu ndiye wewe sasa, kama watu watakuzoea hivi. Nililala nimegeukia bati, na Saidi akaja akaniwekea senene mmoja kwenye mto, wa magendo. Sikumla. Saidi akaenda kumwita Baba, akamwambia hali ni mbaya.

*

Tabibu alitutuma kwa daktari wa ngozi. Dakta huyo ni mwanamke mfupi, mpole, anayevaa miwani juu ya kichwa na kuitafuta mezani. Alinigusa uso kwa mikono mitupu. Naandika hilo kwa sababu ilikuwa miezi hakuna mgeni aliyenigusa bila kunipaka kitu.

"Wewe hujala kitu kibaya," akasema. "Wewe umegusa kitu. Tutakitafuta."

Tulisubiri vipimo viletwe, maana havipatikani kila siku. Walipotuita, ilikuwa Jumatatu. Walinibandika viraka mgongoni, vidogo, mistari kwa mistari, kila kimoja na tone la kitu tofauti. Nilifanana na ukuta wa matangazo. Masharti: usioge mgongo, usitoke jasho, usijikune. Yaani usiwe mwanafunzi wa Kampala wakati wa kiangazi.

Baba alichukua jukumu hilo kama lindo la benki. Mkono wangu ukielekea nyuma, anaita, "Simama hapo!" Nilimwambia kiraka kimoja kinawasha kuliko vingine.

"Kipi?"

"Sijui, Baba, mimi sina macho mgongoni."

Akachungulia chini ya kola yangu, akasema hawezi kutoa taarifa uchunguzi ukiwa unaendelea.

Jumatano viraka vikatolewa. Ijumaa tukarudi kusomewa. Nililala kifudifudi kitandani. Dakta akapita mstari wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu akasimama.

"Ahaa."

"Ahaa nini?" mimi na Baba tukauliza pamoja.

Alipiga picha kwa simu ya Baba akanionyesha. Mgongo wangu mzima ulikuwa shwari, isipokuwa mraba mmoja uliovimba na kung'aa kama umeitwa jina lake. Rafiki yangu, nilipiga kelele! Nilishangilia kama goli dakika ya mwisho. Mgonjwa wa chumba cha pili aligonga ukuta. Baba akanipa mkono kama ofisa mwenzake. Kumbe sikuwa mchafu, sikulogwa, sikuwa na upele! Nilikuwa na adui mmoja, ana jina!

Jina lenyewe ni refu kama treni ya mizigo: methylisothiazolinone. Lijifunze. Mimi nilijifunza kwa kuliimba. Dakta alitueleza kifupi: ni dawa ya kuzuia kuoza, inawekwa kwenye vitu vya kujipaka na kujioshea vyenye maji ndani yake. Watu wengi haiwafanyi chochote. "Ila ngozi yako imeshagombana nayo," akasema, "na ngozi haisahau. Usisamehe hata tone."

"Na senene?" Baba akauliza.

"Senene wamekosa nini?"

Baba akakohoa. "Waachiwe huru."

*

Jioni hiyo Baba alipanga makopo yote mezani, gwaride la utambulisho. Mimi shahidi nilipita mbele yao nikisoma maandishi madogo. Tishu za mke wa Afande Okot: yumo. Losheni ya Mama Furaha: yumo. Ile ya kijani, ile ya mrija, ile ya ndege: yumo, yumo, yumo. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Miezi yote ile, kila aliyekuja kuniponya alileta ugonjwa kwa mikono miwili! Mama naye alicheka, akampigia Mama Furaha simu.

"Wewe mwanamke, ulitaka kuniulia mtoto na Mzungu wako!"

Sauti ya Mama Furaha ikatoka kwenye simu: "Miye? Yesu! Basi nitapaka mwenyewe, niko na ngozi ya ngombe!"

Kisha Saidi, kwa kupenda mchezo, akaleta na chupa ndogo kutoka kando ya beseni la Mama. Ile ya dawa. Nikaisoma.

Nikaisoma tena, kidole chini ya kila herufi.

"Nini?" Mama akasema. "Soma."

"Ni yeye, Mama."

Hakuna aliyecheka tena. Mama alichukua chupa mkononi mwangu, akaikaza kifuniko, ingawa kilikuwa kimekazwa.

"Kambi nzima inaoga sabuni yangu," akasema. "Nani mwingine ana uso huo?"

"Dakta amesema si kila mtu—"

"Mimi nakuosha na sabuni hii kila siku, Aber. Sabuni hii." Akairudisha kando ya beseni. "Hawa wa kliniki wamekosea chupa moja."

Nyumba ya duara haina kona za kujificha, lakini tulizipata. Mama hakunikataza kubadilisha. Nilianza kuogea sabuni ya mche isiyo na manukato, na kujipaka moo yaa, mafuta ya kaskazini ambayo bibi alituma kutoka Kitgum, yasiyo na maji ndani yake wala dawa. Yananuka kama moshi wa jana. Shuleni waliniita Jiko. Shingo ilianza kupona. Lakini Mama aliendelea kukoroga kama kawaida, na sabuni ile ilikuwa kila mahali: kwenye sahani, kwenye foronya, kwenye sare yangu, kwenye viganja vyake akinishika shavu kuona kama nina homa. Kope na vidole vikakataa kupoa. Nilishindwa kumwambia asinishike. Baba akaanza kupenda sana doria.

Na tamasha likawa wiki mbili mbele. Ticha Nakato aliyatazama macho yangu, akamwambia Brenda ajaribu koti la Mzee Kalisti. Lilimkaa vizuri. Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nifike nimemaliza kulia.

*

Nilikuwa nimeshajaribu kumwambia Mama kama mtoto mwema, mara nyingi. Haikufanya kazi, pengine kwa sababu hajazoea kuniona mwema. Jumamosi iliyofuata alikuwa uani na beseni kubwa. Nikavaa koti la mvua la Baba, nikaokota fimbo, nikapinda mgongo, nikatoka nje kwa sauti ya Mzee Kalisti.

"Hodi! Mama Aber! Nimekuja kumtoa mpangaji."

Mama hakuinua kichwa. "Mpangaji gani, mzee?"

"Mfupi, anakaa kwenye chupa. Majirani wamelalamika. Kila siku anamkwaruza binti yako."

"Huyo ananisaidia kazi. Bila yeye sabuni inaoza."

"Iache ioze! Hata mimi naoza, na watu wananipenda!"

Midomo yake ikaanza kucheza. Wakati huo huo kuku wa mke wa Afande Okot akakatiza uani, kuku halisi, hakualikwa. Nikamwona. Nikapiga ukelele, nikaruka juu ya jerikeni, nikajifunika koti. Mama akacheka. Alicheka kicheko chake cha zamani cha kushika tumbo, mpaka mwiko ukamtoka mkononi ukaanguka ndani ya beseni, pwaa, povu likanirukia kifundo cha mkono.

Nikajivuta nyuma kwa nguvu, kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Hiyo haikuwa maigizo, na Mama aliona kwamba haikuwa maigizo.

Kicheko kikakatika. Aliangalia mkono wangu ninavyoufuta kwa koti haraka haraka. Kisha akatoa mikono yake kwenye povu akaiangalia. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imepasuka, mistari myekundu, kama yangu. Nilikuwa naiona kila siku na sijawahi kuiona.

"Hata mimi inawasha," akasema polepole. "Tangu mwaka jana. Nilidhani ndiyo kazi."

Nikashuka kwenye jerikeni.

"Nilikuwekea mara mbili, Aber."

"Najua, Mama."

"Kwa sababu ulikuwa mgonjwa."

"Najua."

Alimwaga beseni zima kwenye mtaro. Zima! Mtaro wa kambi uliota povu mpaka getini, na askari wa zamu akauliza kama kuna moto. Tangu siku hiyo anatengeneza kidogo, bila ile dawa, na kila mteja anaambiwa aitumie ndani ya wiki. Mama Furaha alisahau yake chini ya kitanda.

"Dada yangu," akaja kulalamika, "sabuni yako inanuka soksi ya mwanajeshi!"

"Umeiweka ya nini? Ni sabuni, si mahari."

Tulifua nyumba nzima upya kwa sabuni ya mche: foronya, mapazia, hata kofia ya Baba. Mama akaenda kwa yule Dakta kuonyesha vidole vyake. Na mimi kila asubuhi nikawa naamka na kukimbilia kioo. Siku ya kwanza kope zilishuka kidogo. Halafu zaidi. Siku moja nikapepesa macho na hakuna kilichouma, nikapepesa tena na tena kama taa ya bodaboda, nikaenda shule hivyo hivyo. Ticha Nakato akanipokonyea koti kwa Brenda. Brenda, na hili namheshimu, alisema, "Chukua, kuku ananishinda."

*

Siku ya tamasha ngozi haikuwa imerudi yote. Haikuuma tena, lakini paji la uso lilikuwa bado kavu, na kope zilikuwa na mikunjo minene ya kujikuna miezi yote ile. Nyuma ya jukwaa Ticha Nakato alikuja na sanduku la rangi.

"Ticha, hapana. Nikipakwa hiyo, onyesho la pili litakuwa hospitali."

"Aber, huyu ni mzee. Nitampelekaje mzee bila makunyanzi?"

"Nitazame vizuri."

Akanitazama. Akafunga sanduku.

Siwezi kukueleza jukwaa. Taa, ukumbi umejaa, na mimi naingia na mkongojo wangu nikikohoa. Kuku alipotokea watu walisimama kwenye viti. Niliruka juu kuliko nilivyowahi kuruka. Jasho lilinitiririka usoni na halikunichoma hata kidogo. Nakumbuka katikati ya mstari wangu nikifikiri, halichomi, halichomi!

Mwisho, majaji walipanda kutoa maoni. Mmoja, mzee mwenye tai, alisifu sauti, akalaumu pazia, kisha akanigeukia mimi.

"Na huyu mwenye nyumba. Miaka mingi nimekaa kwenye meza hii, sijaona uso wa mzee uliopakwa vizuri namna hii. Mpaka kope! Nani alikupaka?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikamwona Mama mstari wa nne, kati ya Baba na Saidi, mkono umeziba mdomo.

"Mama yangu," nikasema.

Wakapiga makofi. Mama aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Kisha akasimama, akaweka mtandio wake sawa begani, akawainamia.